Mleta Chakula Aonje Kwanza

Pale Majengo, Gisenyi, kuna ua mmoja uliokatwa katikati na ukuta wa mawe meusi ya volkano, na mtu akitaka kujua dunia ina walaji wa aina ngapi hana haja ya kupanda ndege. Apande tu ukuta ule, achungulie huku na huku.

Huku alikaa Saidati, muuza sambusa, pamoja na bintiye Nasrine; baba mtu alikuwa dereva wa lori na nyumbani walimwona kama mwezi wa Idi, kwa kuvizia. Kwao sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, walikaangwa na macho yao wazi, wakaliwa na vichwa vyao. Kule ng'ambo ya ukuta alikaa Donat na mkewe Cansilde, waliozaliwa Masisi wakarudi Rwanda na mapishi ya Kongo ndani ya mifuko yao. Donat alitafuna viwavi wa kukausha kama wewe unavyotafuna karanga, tena akihesabu ni anasa. Na katikati ya nyumba ile, kwenye kigoda chake cha mlangoni, alikaa mama yake Donat, bibi kizee Kampire, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitafuna kitu chochote.

Samaki kwake alikuwa nyoka aliyekosa adabu akahamia majini. Nyama ya kondoo hakutaka hata harufu yake. "Kondoo anatembea na ng'ombe," alisema. "Utakula rafiki ya ng'ombe yako, kesho utamuangalia ng'ombe na macho gani?" Yeye alikunywa maziwa, na uji wa mtama alioingia nao chumbani akafunga mlango. Mdomo ukifunguka ni shimo, alifundisha, na mtu mzima haonyeshi watu mashimo yake.

Nasrine alikuwa amemaliza sekondari, ila mdomo wake ulikuwa bado unasoma. Ukuta ule aliuita Grande Barrière ndogo, kama ule mpaka wa kwenda Goma, ila huu unauvuka bila jeton, kile kibali cha kuvukia.

"Papa Belise," alimwita Donat kwa jina la bintiye, jioni moja akiwa juu ya mawe, "hao viwavi hawakutekenye ndani ya tumbo?"

"Na we hizo sambaza zinakuangalia na macho ukiwa unazikula, hausikie haya?" Donat alijibu, akajitupia kiwavi mwingine mdomoni.

Hivyo ndivyo walivyoishi, wakichekana sahani. Lakini jambo moja pande zote mbili zilikubaliana bila mkutano: mleta chakula aonje kwanza. Mtu akikukaribisha pombe ya ndizi, anapiga funda lake mbele ya macho yako ndipo anakukabidhi kibuyu. Wazee huita gusogongera. Mgeni wa mbali hudhani ni uchoyo, kumbe ndiyo heshima yenyewe: nimetangulia, kama humu mna kifo, kimeanza na mimi. Maana katika mji huu watu hawaiogopi volkano iliyowasimamia juu ya vichwa kama wanavyokiogopa kidole cha jirani. Volkano hutoa moshi kwanza. Sumu, wanasema, hukaa chini ya ukucha, ukucha ukachovywa kikombeni, nawe ukapokea kwa mikono miwili na kusema asante.

Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima ziliingia pamoja kama mapacha. Huku ukutani hawakula mchana. Kule waliacha nyama, wakaacha samaki, na Cansilde akakata shauri kwamba kiwavi naye ni nyama, ana miguu. Ikabaki bugari, ule ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake, asubuhi kiporo, jioni ya moto. Unga ulitoka kwa Claudette, mwanamke mnene mwenye kicheko, aliyevuka kila siku kwenda Goma na beseni kichwani na kuuza kwenye kibanda chake pale konani. Miezi hiyo njia za ndani kule Kongo zilikuwa mbaya na unga ulikuwa adimu. Ulipopatikana, Claudette alimtengea Cansilde gunia zima, kwa urafiki, akawanyima wengine.

"Bugari ya siku hizi iko muchungu," Belise alimnong'oneza Nasrine ukutani. Belise alikuwa binti wa Donat, rika moja na Nasrine, mwembamba, mpole, wa kucheka bila sauti. "Ulimi inakuwa kama imeguswa na dawa. Mama anasema ni Kwaresima, tuvumilie."

"Kwaresima njo inafaa kuwa muchungu," Nasrine alisema. "Ingekuwa tamu, siye batu ya Ramadhani tungehamia kwenu."

"Usicheke. Kuku zetu mbili zimekufa. Mama aliwatupia ukoko ya sufuria, wakazunguka-zunguka kama walevi, wakaanguka."

"Waliona hakuna viwavi, wakakata tamaa ya maisha."

Belise alicheka bila sauti, kisha akashika ukuta kwa mikono miwili, kama mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi. "Hata mi siku hizi kichwa inanizungukaka," alisema. Nasrine alikuwa ameshaitwa na mama yake.

Kila Ramadhani Saidati alipeleka sahani ng'ambo. Kila mara Nasrine aliivusha baada ya adhana ya magharibi, akamega sambusa moja mlangoni, akatafuna, akapanua mdomo kumwonyesha Kampire kwamba ameshameza. Bibi akageuza uso kwa kuona shimo lile, na sahani ikapokewa. Lakini siku ile wateja walikuwa wengi na Saidati alitaka kazi iishe mapema. Alikuwa ameonja chumvi kwa ncha ya ulimi na kutema, kama wapishi wafungao wanavyofanya. Akafunika sahani kwa kitambaa, akamwambia bintiye:

"Peleka sasa hivi. Na useme ni za viazi, ju ya Kwaresima yao. Nyama haimo."

Jua lilikuwa bado juu ya ziwa. Nasrine alikuwa amepaka hina siku hiyo, vidole vyote kumi vyekundu mpaka kwenye kiungo cha kwanza. Alifika mlangoni na sahani yake.

Kampire aliitazama sahani. Akaitazama mikono. "Onja," alisema.

"Mukecuru," Nasrine alisema, kwa neno la heshima la bibi kizee, "niko nafunga. Jua haijazama."

"Basi rudi nayo. Kuja nayo jua ikizama."

"Mama atanichinja. Pokea tu, Mukecuru." Na hapo mdomo wake ukamtangulia, kama kawaida yake. "Kama iko sumu ndani, kesho mutanijulisha."

Akacheka. Belise naye akacheka bila sauti, na Cansilde, aliyekuwa akisonga bugari, akasema, "Huyu mutoto!" Kampire hakucheka. Donat alikuwa mtu wa kuona haya kwa niaba ya wengine. Aliinuka, akachukua sambusa moja, akaila yote mbele yao ili aibu ile iishe.

"Iko muzuri," alisema. "Uambie mama aksanti."

Halafu akaketi kula bugari yake.

Asubuhi yake Donat hakwenda kazini. Cansilde alionekana akimwaga ndoo mara ya kwanza, akaonekana tena akimwaga. Nasrine alipanda ukuta kuuliza, na uani hapakuwa na mtu wa kumjibu, isipokuwa Kampire kwenye kigoda chake. Bibi alimtazama vidole tu, mpaka Nasrine akajikuta ameviondoa juu ya jiwe na kuvificha nyuma ya mgongo.

Mchana sahani ikarudi. Sahani ya jirani, pale, hairudi tupu. Hurudi na viazi viwili, parachichi, hata chumvi kidogo. Hii iliwekwa juu ya ukuta bila hodi. Sambusa zote zilikuwamo, kasoro moja, na zilikuwa zimemwagiwa majivu.

Saidati aligusa majivu kwa kidole. "Ulisema nini kule?" aliuliza.

Nasrine akamwambia. Mama mtu hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliketi juu ya ndoo, akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Unajua ile neno inafanya nini katika mji huu?" alisema mwisho. "Mutu akiitwa mwizi, anahama mutaa. Akiitwa murozi, mutu wa sumu, atahamia wapi? Nani atakula kitu imetoka ku mikono yangu?"

Jibu lilikuja jioni hiyohiyo. Wanawake waliozoea kumpangia foleni walipita ng'ambo ya barabara. "Leo nimepika mwenyewe, Mama Nasrine." "Leo tumbo haiko sawa." Mmoja alimvuta mtoto wake mkono, mtoto akauliza kwa sauti kwa nini hawanunui, akapigwa kofi la kunyamazishwa. Beseni lilirudi nyumbani limejaa. Wawili wale walifuturu sambusa, wakala daku sambusa, na Nasrine, ambaye kwa kawaida angesema wamegeuka pembetatu, alihesabu tu zilizobaki.

Siku iliyofuata wakamchukua Donat kwenda Cyanzarwe, kwa mganga mmoja anayetapisha watu sumu. Alikunywa kikombe kimoja cha majani yaliyopondwa. Alirudi juu ya moto, pikipiki ya kukodi, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva asidondoke, rangi imemtoka kama nguo iliyokamuliwa. Mganga alikuwa amesema sumu ni kali na bado iko. Wakampa maji. Wakampa bugari laini, apate nguvu.

Kisha Belise akaanguka.

Alianguka uani, saa za mchana, akitoka kuchota maji. Nasrine aliona kutoka ukutani: miguu ya rafiki yake ilikakamaa kwanza kama ya mbuzi aliyezaliwa sasa hivi, halafu ikakataa. Maji yakamwagika. Belise alibaki ameketi ndani ya tope akitazama magoti yake kwa mshangao, kama ya mtu mwingine.

Nasrine aliruka ukuta. "Hakukula sambusa!" alipaza sauti, na Mungu amsamehe, katika sauti ile mlikuwa na furaha kidogo. "Mama Belise, ye hakugusa hata moja! Muliona wenyewe! Donc, basi, haiko sambusa!"

Cansilde aligeuka. Uso ule uliokuwa ukimwita mutoto siku zote haukuwapo. "Hakugusa sambusa," alisema polepole. "Alikugusa we. Kila siku pale ku ukuta, mkono ju ya mkono."

Na macho yote ya uani yakaangukia hina.

Hapo Nasrine akafahamu kuwa woga haujui hesabu. Ukiuonyesha kwamba mbili na mbili hazifiki tano, wenyewe unaongeza ya tano kutoka mfukoni mwake.

"Kesho asubuhi tunamupeleka Cyanzarwe," Cansilde alisema. "Naye atatapika."

Nasrine alimtazama Belise alivyokonda, mifupa ya mabega ikionekana chini ya blauzi. Alikumbuka Donat, mwanamume mwenye kifua, alivyorudi amefungwa kitenge. Kikombe kile kingemmaliza Belise kabla moto haijageuza. "Mumupeleke ku sante, ku kituo cha afya," alisema. "Mama Belise, nakuomba. Ku sante iko karibu, hata kwa miguu..."

"Sante hawajue mambo ya sumu. Na we ju ya nini unapenda tusiende kwa mwenye anajua?"

Kila neno lake liligeuka mikononi mwao likawa ushahidi.

Saa za alasiri Kampire alituma habari. Hakumtuma mtu, aliinua sauti yake nyembamba akiwa pale pale kigodani, na ukuta ukaivusha. Mleta chakula hakuonja, alisema. Kama mkono wake ni safi, aje ale nao, sahani moja, mbele ya majirani. Asipokuja, wamejua.

Saidati alikuwa akichambua mchele. "Hatuendi," alisema. "Hatuvunji saumu ya Mungu ju ya ulimi ya mutu."

"Mama, ulimi ilikuwa ya kwangu," Nasrine alisema. "Na jua iko karibu kuzama. Nitaenda nikae, ningoje adhana pale pale. Sitavunja kitu."

Saidati alimfunga mtandio vizuri, kama alivyokuwa akimfunga alipokuwa anaenda darasa la kwanza. Akamtia tende moja mkononi. "Fungua na hii," alisema. "Hii angalau naijua."

Walimtandikia mkeka katikati ya ua. Majirani walisimama kandokando, wengine wamevaa viatu vya kutokea, kama watu waliokuja msibani mapema. Donat alikuwa ameegemezwa mlangoni. Belise alilazwa kwenye godoro kando yake, miguu imefunikwa. Na mbele ya Nasrine, Cansilde akaweka sahani: mlima wa bugari, mweupe, laini, unatoa mvuke, na sombe pembeni.

Cansilde alikuwa mtu wa heshima hata katika chuki. Alimega tonge, akalichovya, akala, akameza, akafunua viganja. "Nimeonja," alisema. "Katika nyumba yangu tunaonjaka."

"Adhana bado," Nasrine alisema. "Nangojea."

"Ngojea," alisema Kampire. "Siye tuko."

Wakangoja. Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye milima ya Kongo na ziwa lote lilikuwa rangi ya hina. Volkano ilikuwa na moshi wake. Umewahi kutazamwa na watu ishirini wakisubiri ufungue mdomo? Nasrine, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kungoja kuambiwa aufungue, alihisi meno yake yamekuwa mengi. Mvuke wa bugari ulimjia usoni. Alikuwa na njaa, na njaa hunoa pua kuliko darasa: ndani ya ule mvuke mlikuwa na kitu kikali kidogo, kama mbegu ya tunda iliyopasuliwa.

Iko muchungu, Belise alikuwa amenong'ona. Mama anasema ni Kwaresima.

Akaitazama sahani tena. Akamtazama Donat, aliyekula sambusa moja, na bugari mara mbili kwa siku. Akamtazama Belise, ambaye hakula sambusa hata moja, ila bugari, hiyohiyo. Kuku walikula ukoko, wakazunguka kama walevi. Cansilde mwenyewe, alipokuwa anaweka sahani, aliyumba. Nani katika nyumba hii ni mzima? Akageuza shingo. Kampire alikuwa kigodani, mgongo umenyooka, macho makali kama ya kunguru, na pembeni yake kikombe cha maziwa.

Mwalimu wao wa biolojia alikuwa amewahi kusema juu ya muhogo mchungu. Nasrine alikuwa akimchora kofia daftarini wakati huo, lakini sikio moja lilibaki darasani. Muhogo ule una sumu yake ya kuzaliwa, haitiwi na mtu. Huondoka ukiulowesha maji siku tatu, nne, ukauanika vizuri. Mwenye haraka akiulowesha usiku mmoja, akausaga, unga hutoka mweupe, mzuri, na kifo chake ndani. Wakulima wanaokimbia vita huku na huku hawawezi kungoja siku nne.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Walikuwa wakila sumu asubuhi na jioni kutoka mkono uliowapenda, na mkono ule ulionja kwanza kila mara. Na kumpa mgonjwa nguvu wakamwongezea.

Angesemaje? Mtuhumiwa ameketi mbele ya sahani ya mwenyeji, mwenyeji ameonja, naye aseme: sumu iko kwenu. Wangempiga kabla hajamaliza. Akikataa kula ni murozi, na mama yake ni mama wa murozi, na kesho Belise anakunywa kikombe. Akila bila kusema, kesho Belise anakunywa kikombe vilevile.

Adhana ikaanza.

Nasrine alifungua kwa tende ile, akatafuta kokwa kwa ulimi akaitoa. Akasema bismillahi. Akamega tonge kubwa, la kushibisha mashaka ya watu ishirini, akalitia mdomoni bila sombe. Uchungu ulimpanda mpaka nyuma ya macho. Akatafuna. Akameza. Akapanua mdomo kuelekea kwa Kampire, kama alivyofanya miaka yote, na safari hii bibi hakugeuza uso.

Minong'ono ikalegea. Mtu mmoja akasema, "Amekula." Cansilde akaanza kulia, kwa uchovu tu.

"Nimekula kwenu," Nasrine alisema. "Sasa Mukecuru, na mi naomba kitu kimoja. Sheria inasema mwenye kuleta aonje. Mama Belise ameonja. Lakini ye anaionja kila siku, ulimi yake imezoea. Onja we."

Ua mzima ulishtuka. Kampire, aonje? Mbele ya watu?

"Huyu mutoto anachezea mukecuru!" mtu alifoka.

"Sichezi. Mi siku zote nachezaka, leo sichezi. Onja kidogo tu, Mukecuru. Kama nimesema bongo, kama ni uwongo, munifanye yenye munapenda."

Bibi kizee aliinuka kigodani, akaja mpaka mkekani. Halafu akafanya jambo ambalo mwanawe Donat, mtu mzima mwenye mvi, hakuwahi kuliona tangu azaliwe. Alinyoosha mkono, akamega tonge dogo kama punje ya mahindi, akafungua kinywa chake hadharani, kisicho na meno mengi, akalitia. Alilizungusha. Uso ukajikunja wote. Akatema kiganjani.

"Cansilde," alisema. "Hii ni nini unalisha mutoto wangu?"

"Ni bugari, Mama. Bugari ya kila siku..."

"Hii ni sumu."

Cansilde alitazama sahani, akatazama mkono wake. Donat, mlangoni, alifumba macho. Hakuna aliyepiga kelele bado, na katika nafasi ile ndogo Nasrine alisema yote kwa haraka: muhogo mchungu, maji, siku nne, hakuna mutu aliyetia kitu, ni kulowesha tu hakukutosha, wamupeleke Belise ku sante, na Papa Belise pia, sasa hivi, na wasile tena hata ukoko. Kijana mmoja alikwenda mbio kuita moto. Wakamwinua Belise, wakamkalisha kati ya dereva na Cansilde. Miguu yake ilining'inia, visigino vikiburuta vumbi mpaka mtu alipoishika na kuiweka. Alipopita karibu na Nasrine alijaribu kucheka bila sauti. Moto ya pili ikamchukua Donat.

Saidati alikuwa amesimama kwenye ukuta wakati wote. Mwanamke mmoja, yule wa tumbo kuuma, alimgeukia akasema, "Mama Nasrine, utusamehe, ni shetani." Mwingine akauliza kama sambusa zimebaki. Ndiyo hivyo: jina lilikuwa limesafishwa, kwa tonge moja.

Kisha akamsikia Kampire akiuliza, kwa ile sauti nyembamba:

"Na hii unga, nani aliuzisha?"

"Claudette," mtu alijibu.

"Claudette wa ku kona?"

"Njo yeye. Alimutengea gunia zima. Wengine alitunyima."

"Ju ya nini alitunyima?"

"Ju ya nini alimuchagua Cansilde?"

"Apana, sikieni," Nasrine alisema, "Claudette hakujua, naye amenunua tu, ni muhogo haikulowekwa..."

"Naye kila siku anacheka-cheka," mwanamke wa tumbo kuuma alisema. "Mutu wa kucheka vile."

"Ye anakula yake? Umemuona akionja?"

Hakuna aliyewahi kumwona. Nani huonja unga mbichi? Nasrine aliinuka kutoka kwenye mkeka, dunia ikapinda upande mmoja, akashika bega la mtu, na mtu yule akalitoa bega lake kwa upole na kuendelea kutembea. Walikuwa wakitoka langoni. Hawakukimbia. Walikuwa wanatembea pamoja, kwa hatua za watu wanaojua wanakokwenda, na mmoja wao alikuwa ameibeba sahani.

"Haikulowekwa!" Nasrine alipiga kelele nyuma yao, koo likiwa bado na ule uchungu. "Munanisikia? Haikulowekwa tu!"

Kwenye kona, taa ya kibanda ilikuwa imewashwa. Claudette aliona kundi likishuka njia, wateja wengi kuliko wote aliowahi kupata jioni moja, na sahani mbele. Akajipangusa unga mikononi, akatoka mlangoni akicheka, akawapungia mkono waje.